Besi Inavuma? Tazama Vidole Visivyopiga

Mdogo wangu wa Mpale, ujumbe wako nimeusoma wote. Unasema kwaya ikianza tu besi yako inavuma, fundi mitambo anakushusha mpaka husikiki, na wapo walioanza kunong'ona kwamba besi si kazi ya msichana. Hayo ya kunong'ona waachie wenyewe. Kinachovuma ni nyuzi usizozipiga, na dawa yake unayo mikononi.

Sikia inavyokuwa. Ukibonyeza uzi wa A kwenye freti ya pili unapata B. Uzi wa E ulio wazi hapo jirani unaibeba sauti hiyohiyo ndani yake, basi unaamka bila kuguswa. Spika kubwa ikinguruma nyuma yako, nyuzi zote zinatikisika. Ukipunguza besi kwenye mashine, uvumi unaondoka na muziki wako nao unaondoka.

Anza na mkono wa kulia. Dole gumba lisigande mahali pamoja. Ukihamia uzi wa A, lishuke likalale juu ya E. Ukienda D, liegemee A huku likiugusa E. Kwenye G libaki hapohapo, kwa sababu kidole kilichopiga G kitamalizia safari yake juu ya D na kuunyamazisha. Hiyo ndiyo siri ya kupiga kwa kuvuta: kidole kitue kwenye uzi mnene unaofuata, kisirushwe hewani.

Nyuzi nyembamba ni kazi ya mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kinapobonyeza, kilaze kidogo ili nyama yake iziguse. Noti ikitakiwa kukoma, legeza tu, vidole vibaki vimeugusa uzi. Na visiwe kimoja, mdogo wangu! Kidole kimoja kikigusa juu ya freti ya 5, 7 au 12, uzi unapiga mluzi, na mluzi huo kanisani unasikika hadi mlangoni. Weka viwili au vitatu.

Ipo pia njia ya sponji. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alikuwa na sponji chini ya nyuzi za Fender Precision yake. Wewe kata kipande cha sponji ya godoro, kipachike karibu na daraja. Sauti itakuwa fupi na nene, tamu sana kwa nyimbo za taratibu. Ila sponji haijui noti yako inatakiwa kukoma wapi. Vidole ndivyo vinavyojua.

Kisha msikilize Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 kutoka Simba Wanyika ya ndugu wa Tanga, Wilson na George Kinyonga. Vaa spika za masikioni ufuate besi peke yake. Nami naipenda kwa zile nafasi anazoacha, gitaa la ridhimu likapumua.

Mazoezi fanya polepole, amplifaya ikiwa juu kidogo, maana besi isiyochomekwa huficha uchafu wote. Piga noti moja, ikate, sikiliza. Kikibaki kitu kinalia, tafuta ni uzi upi na ni kidole gani kingeufikia. Ukishaweza skeli ya G bila uvumi, nenda kamwombe fundi mitambo asiguse sauti yako mpaka wimbo wa kwanza uishe.