Mpangilio wa Ziara ya Kimasomo Pwani: Kutoka Mvita hadi Pate

Utangulizi

Ni desturi ya vyama vingi vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya bara kupanga ziara ya Pwani. Kamati huketi, hukadiria nauli na malazi, kisha huorodhesha miji: Mombasa siku mbili, Malindi siku moja, Lamu ikiwezekana. Mchana hutengewa magofu na makumbusho. Jioni hutengewa ufuo. Wanafunzi hurejea wamefurahi, wana picha tele, lakini wengi wao hawajasikia Kiswahili cha wenyeji ila kile kilichosemwa na mtembeza wageni.

Hasara hiyo si ndogo. Mwanafunzi hujinyima ili achangie safari, na mwenyeji naye hutoa muda wake kumpokea. Makala hii inashikilia kuwa kosa haliko katika kwenda ufuoni, bali katika mpangilio. Ratiba inayofuata lahaja, maandishi na mwendo wa maji huufanya hata ufuo kuwa sehemu ya somo.

Mfuatano wa miji na mfuatano wa lahaja

Swali la kwanza ni: safari ianzie wapi? Kwa kuwa reli mpya ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilianza kazi mwaka 2017, jibu rahisi ni Mombasa. Jibu hilo ni sahihi pia kwa sababu ya kiisimu. Mwanafunzi wa bara amelelewa na Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Uamuzi wa kuiteua lahaja hiyo ulifanywa katika mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika papo hapo Mombasa. Hivyo mgeni anaposhuka Mombasa, anaingia katika mji ambao lahaja yake iliachwa kando.

Katika Mji wa Kale atasikia ndia mahali pa njia, na nti mahali pa nchi. Maneno hayo yakiandikwa katika insha ya shuleni husahihishwa kwa wino mwekundu. Mombasa ni maneno ya nyumbani. Akifika Lamu atayakuta yayo hayo, lakini huko hata moja imekuwa moya. Basi sikio linapanda ngazi: kutoka sanifu hadi Kimvita, kutoka Kimvita hadi Kiamu, kisha hadi lahaja za kisiwa cha Pate. Anayeanzia Lamu kwa ndege akamalizia Mombasa huiruka ngazi hiyo. Hubabaika siku ya kwanza, na huenda akadhani kuwa mzee anayezungumza naye anakosea.

Fasihi nayo inafaidika na mfuatano huo. Mombasa ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, na mashairi yake yamefungamana na siasa za Mvita na utawala wa Mazrui. Msomaji akishaiona Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaitwaa mwaka 1698, huelewa kwamba siasa hizo zilikuwa na kuta na mizinga.

Gede kabla ya Pate

Baina ya Mombasa na Lamu kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara, na haifai kuzipita usingizini. Kituo cha lazima ni Gede, karibu na Watamu, mji wa mawe ulioachwa na wakazi wake yapata mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Msikiti mkuu, jumba la mtawala na visima vyake vimo ndani ya msitu. Miongoni mwa makaburi lipo moja lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Gede haikuacha utenzi unaojulikana. Mwanafunzi analazimika kuyasoma mawe.

Zoezi hilo linamwandaa kwa Pate. Huko magofu yapo, na maandishi yapo. Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, wakati mji ungali na fahari. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ikaja kuomboleza fahari hiyo ilipokwisha. Aliyesimama Gede katika chumba kisicho na paa hatauona tena ubeti wa majumba matupu kuwa pambo la lugha tu. Katika kisiwa hicho hicho kuna Siyu, mji ambao Bwana Mataka aliutawala. Mkewe, Mwana Kupona binti Mshamu, ndiye aliyemtungia binti yao utenzi wa wosia mwaka 1858.

Maji, upepo na ufuo

Kamati nyingi huandaa ratiba kwa saa ya ukutani. Pwani ina saa nyingine. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Ikiwa Jumatatu maji yamejaa saa nne asubuhi, Alhamisi yatajaa karibu saa sita na nusu mchana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvu, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati yake huwa maji mafu.

Jambo hili lina athari za moja kwa moja. Vyombo vingi viendavyo Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, nao hupitika vyema maji yakiwa yamejaa. Kamati isiyouliza nahodha siku mbili kabla yaweza kupoteza siku nzima gatini. Huko Watamu, kuogelea kunafaa maji yakijaa, na matumbawe hutazamika vyema maji yakipwa. Majira nayo yazingatiwe: likizo ya Aprili huangukia masika, na kusi ikishika kasi katikati ya mwaka bahari huchafuka. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ni nafuu zaidi.

Ndipo thamani ya ufuo inapodhihirika. Kupwa, bamvu, kusi, tanga, tezi na omo ni msamiati ambao washairi wa Pwani wameujengea tamathali zao. Mwanafunzi aliyeukariri darasani huujua kwa fasili. Aliyengoja maji yajae ndipo mashua iondoke huujua kwa mwili.

Ratiba inayopendekezwa

Siku ya 1: Nairobi hadi Mombasa kwa treni.
Siku ya 2: Mji wa Kale na Fort Jesus, jioni, mazungumzo na wazee.
Siku ya 3: Gede asubuhi; kulala Watamu.
Siku ya 4: bahari ya Watamu kulingana na maji, kulala Malindi.
Siku ya 5: Malindi hadi Mokowe kwa basi, kisha Lamu kwa mashua. Hali ya usalama barabarani iulizwe kwanza.
Siku ya 6: mji wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001: ngome, makumbusho na vichochoro.
Siku ya 7: Siyu na Pate. Siku hii ibadilishane na ya 6 maji yakidai hivyo.
Siku ya 8: ufuo wa Shela, kusoma na kulinganisha madaftari.
Siku ya 9: kurejea.

Adhuhuri ya Ijumaa isipangiwe mahojiano, kwani ni wakati wa swala. Mavazi ya kuogelea yabaki ufuoni, na mtu asipigwe picha kabla ya kuombwa ruhusa. Katika mwezi wa Ramadhani ziara iahirishwe, au wageni wafuate mwendo wa wenyeji.

Hitimisho

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ya mwanafunzi ni darasa. Ziara ipimwe kwa lile analorudi nalo humo: akisoma tena utenzi alioukariri kwa ajili ya mtihani, je, anasikia sauti ya mtu aliyemsalimu, katika lugha ambayo hatathubutu tena kuiita kosa? Akisikia, nauli yake haikupotea.