SOMO LA MKULIMA: LAND ROVER YA ZAMANI NA YA BAADAYE

Wakulima wa Kiirua, viazi vikisha kuchimbwa havingoji. Mvua ikiharibu njia, mali huozea nyumbani. Kwa hiyo wengi huuliza ni gari gani lifaalo. Leo tulinganishe Land Rover za namna mbili.

Ya zamani ni Series. Ilianza kuuzwa mwaka 1948. Series III, ya mwisho wake, ilitoka mwaka 1971. Ya baadaye ni One Ten ya mwaka 1983, iliyopewa jina la Defender mwaka 1990. Muundo huo uliacha kutengenezwa Januari 2016.

1. Springi. Ya zamani ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa; huruka sana penye mashimo. Ya baadaye ina koili. Hutulia zaidi, na mzigo hautikisiki sana.

2. Tope. Katika ya zamani, dereva mwenyewe hufunga magurudumu yote manne kwa kigingi cha manjano. Akifika lami kavu ayafungue, ama gia zitaumia. Katika ya baadaye magurudumu yote huvuta daima. Penye tope dereva hufunga difu ya katikati, na kwenye lami huifungua.

3. Injini. Ya zamani ni nyepesi kueleweka, na nyingi huwashwa kwa hendeli betri ikifa. Injini ya Td5, iliyotoka mwaka 1998, huongozwa kwa kompyuta. Ikikataa, spana pekee haitoshi.

4. Fremu. Bodi zote mbili ni za aluminiamu, lakini fremu ni ya chuma nayo huoza. Kabla ya kulipa, ingia chini ugonge fremu kwa nyundo ndogo. Rangi mpya isikudanganye.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme zote mbili ni za dizeli, na safari ya soko, kwenda na kurudi, ni kilomita 60. Ya zamani ikienda kilomita 6 kwa lita, itakunywa lita 10. Ya baadaye ikienda kilomita 10, itakunywa lita 6. Umeokoa lita 4. Mwenye safari 100 kwa mwaka ameokoa lita 400. Mwenye safari 10, lita 40 tu. Basi gari la bei kubwa humfaa yule ambaye gari lake halilali. Mwenye eka mbili za viazi pengine atapata faida zaidi akikodi gari pamoja na jirani zake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwaka jana ulisafirisha magunia mangapi ya kilo 50, kwa safari ngapi?
2. Je, fundi wa karibu aweza kutengeneza gari unalolitaka, na spea zake zapatikana Meru?
3. Ukilipa gari, je, zitabaki fedha za mbegu na mbolea?

Ikiwa jibu la swali la tatu ni hapana, usinunue msimu huu.