Salalah tunaijua, Bariadi tunaipita usingizini

KILA ifikapo Julai na Agosti, wenye uwezo miongoni mwetu huwasikii ila habari za Salalah. Wenye jamaa Muscat hufunga safari ya gari, wakakata jangwa mamia ya kilomita, ili waione milima ya Dhofar ilivyovaa kijani kwa manyunyu ya kharif. Hapana ubaya. Kuitembea ardhi na kutazama alivyoumba Mwenyezi Mungu ni jambo tuliloagizwa. Swali ni hili: je, msafiri huyo amewahi kupita Bariadi wakati wa masika, tena akiwa macho?

Ataniuliza, Bariadi kuna nini? Na atoke Mwanza asubuhi bila haraka. Avuke Mto Simiyu, uliotoa jina la mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012, afike Lamadi, ziwa likiwa kushoto kwake. Hapo aiache barabara ya Musoma, akate kulia kwenda Bariadi, kisha Maswa. Abiria wa mabasi huimaliza njia hiyo wamelala. Mwenye gari lake asimame kwenye pamba. Ua la pamba huchanua leo jeupe kama maziwa, kesho limegeuka la waridi. Hilo dereva wa mwendo kasi halioni.

Lakini bustani hasa ya Wasukuma ni ngitili. Mvua zinapoanza, mtu au kijiji hulifunga eneo, mifugo isiingie. Nyasi hukua, migunga huchipua, na kiangazi kikikaza hufunguliwa, ndama na ng'ombe dhaifu wakaponea humo. Elimu hii ilikaribia kufa. Wakati wa mkoloni vichaka vilifyekwa ili kumaliza mbung'o, pamba nayo ikala sehemu yake, na uhamishaji wa watu vijijini miaka ya 1970 ukawatenga wengi na ngitili zao. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, maana Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Shinyanga. Kwa maoni yangu, la maana kuliko miche yote iliyogawiwa ni kwamba wataalamu walikubali kujifunza kwa wazee. Ngitili zikarudi kwa maelfu ya hekta, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mradi ulikoma 2004.

Sasa ulinzi umebaki kwa wanakijiji wenyewe, na adui mmojawapo ni sisi watu wa mjini. Tunasimamisha gari kusifu kivuli cha mgunga, mbele kidogo tunasimama tena kupakia gunia la mkaa. Mkaa huo ulikuwa kivuli cha nani?

Basi ukiiona ngitili, usiingize gari. Tafuta boma la karibu, umwamkie mzee "Mwangaluka, baba", umwombe ruhusa. Akikubali, muulize majina ya miti na kila mmoja unatibu nini. Tenga saa nzima.