Kupiga Picha za Ngoma Wakati wa Mazoezi

Wanafunzi wenzangu wengi hudhani kwamba mwenye kamera nzuri hana budi kupata picha nzuri. Muhula huu chama chetu cha picha kilipewa ruhusa ya kuingia katika mazoezi ya kikundi kimoja cha ngoma, katika ukumbi mmoja hapa Kampala. Wanafunzi wa zamani wanaokumbuka kikundi cha taifa cha miaka ya 1960, Heartbeat of Africa, au jukwaa la Jumba la Taifa la Maonyesho lililofunguliwa mwaka 1959, watajua ngoma ninazozitaja. Nimeombwa nieleze kazi ilivyo, nami naanza na shida ya kwanza, yaani giza.

Siku ya mazoezi taa huwa chache. Mchezaji aendaye polepole utamkamata kwa sehemu 1 ya 60 ya sekunde, lakini arukaye anataka sehemu 1 ya 500, na hapo nuru iingiayo katika kamera ni kama thumuni tu ya ile ya kwanza. Flashi haifai kabisa, maana humpiga mchezaji machoni naye yuko ukingoni mwa jukwaa. Basi ongeza ISO mpaka 3200, ukubali picha iwe na chengachenga, na utumie lenzi yenye tundu pana. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 hupitisha nuru karibu mara nne kuliko yenye f/3.5. Tena usiiachie kamera ipime nuru peke yake. Ikiona pazia jeusi nyuma hudhani pote ni giza, huongeza nuru, na nyuso zetu zenye jasho hutoka kama zimepakwa chokaa. Pima uso, si pazia.

Hayo yamo katika kila kitabu cha kamera. Lisilokuwamo ni ngoma yenyewe. Katika runyege ya Wanyoro na Watooro wanaume hufunga njuga miguuni, nazo huitwa ebinyege. Mwenzangu mmoja alikuwa akibonyeza kila asikiapo njuga, akapata miguu iliyotulia sakafuni kama ya watu wanaongoja basi. Sauti ya njuga ni habari ya mguu uliokwisha kufika chini! Ukiutaka mguu ulio juu, sharti ubonyeze kabla ya sauti, na kabla hiyo huijui mpaka umeisikiliza ngoma kwa muda bila kugusa kamera. Barbara Morgan wa Marekani, aliyepiga picha za ngoma za Martha Graham na kuzitoa katika kitabu mwaka 1941, naye alizitazama ngoma hizo mara nyingi kwanza.

Katika ekitaguriro ya Wanyankole mikono huinuliwa mfano wa pembe ndefu za ng'ombe wao. Ukiikamata ikiwa nusu ya njia, pembe hazipo tena, na mtazamaji humwona mtu aliyetua mzigo. Picha hiyo haina kosa la nuru wala la lenzi, lakini huwasingizia Wanyankole.

Jambo lililotusumbua zaidi lilitokea mwishoni. Tulikuwa tumekubaliana na wachezaji kwamba wataziona picha kabla hatujaondoka nazo. Msichana mmoja wa rika letu, ambaye mkufunzi alimkemea mara tatu kwa hatua moja ya bakisimba, alijiona katika picha yangu: machozi yamemlenga, nyuma yake wenzake wamegeuza nyuso. Ilikuwa picha kali kuliko zote za siku ile. Akaniambia, "Kaka, hiyo ifute. Baba ameniruhusu kucheza, hakuniruhusu kulia mbele ya shule yenu." Nikaifuta mbele yake.

Katika chama tungali tunabishana. Wako wasemao kwamba picha ni mali ya aliyeipiga, na kwamba mazoezi bila machozi si mazoezi. Mimi naona kwamba onyesho mchezaji amekwisha kutupa, lakini mazoezi bado yamo mkononi mwake. Hata hivyo sitasema kwamba sikuionea uchungu ile picha, na siku hizi picha ikiingia katika simu moja, kesho imo katika simu mia.

Picha kumi na mbili zimebandikwa maktabani. Ya tatu kutoka dirishani ni ya larakaraka ya Waacholi, ambao hupiga vibuyu kwa spoki za baiskeli. Niliipiga kwa sehemu 1 ya 60 kwa makusudi: nyuso zimetulia, spoki zimekuwa moshi. Mwalimu wetu wa hesabu asema imeharibika. Wachezaji wenyewe waliichagua hiyo kwa tangazo la onyesho lao.