KUPANGA MENO: Je, ipo njia salama ya kuharakisha?



Ndugu msomaji, wazazi wengi hapa Mwanza huuliza: "Binti yangu ana meno yaliyopandana, tumeambiwa atavaa waya karibu miaka miwili. Hakuna namna ya kuharakisha?" Swali hili si dogo, kwani wapo wanaojaribu kuharakisha wenyewe nyumbani, na mwisho wake ni kupoteza meno mazima.

Tatizo lenyewe ni la wengi. Utafiti wa Dk. Matilda Mtaya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 jijini Dar es Salaam. Asilimia 63.8 walikutwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Hata hivyo, si kila kasoro inahitaji waya.

Upande wa sheria
Katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A) Mtume (S.A.W) amewalaani wanaojitengenezea mwanya kwa ajili ya urembo. Kwa upande mwingine, Arfaja (R.A) aliyekatwa pua vitani aliruhusiwa kuvaa pua ya dhahabu. Kwa hiyo wanazuoni wametofautisha: kubadili umbile lililo sawa kwa kutafuta urembo ni haramu, ama kuondoa kasoro au madhara, kama meno yanayozuia kutafuna au kusafishika, inajuzu.

Jino huhamaje?
Jino halikugandishwa kwenye taya kama msumari katika ubao. Limeshikiliwa na nyuzi laini ndani ya shimo la mfupa. Waya unaposukuma jino taratibu, upande unaobanwa seli maalumu hula mfupa, na upande unaoachwa wazi seli nyingine hujenga mfupa mpya. Jino husogea kiasi cha milimita moja tu kwa mwezi.

Wengi hudhani waya ukikazwa zaidi, jino litakwenda mbio. Sivyo. Nguvu ikizidi, mishipa midogo ya damu hubanwa, sehemu ile hufa, jino husimama, na mzizi wake waweza kuliwa ukawa mfupi. Haraka haraka haina baraka.

Njia zilizojaribiwa
1. Upasuaji. Mfupa uliojeruhiwa hujitengeneza upesi, na kwa muda huwa laini. Kwa msingi huo ndugu wawili wa familia ya Wilcko, madaktari wa Marekani, walitangaza mwaka 2001 njia ya kukata gamba la nje la mfupa wa taya kabla ya kuvuta meno. Baadaye zikaja njia za kutoboa matundu madogo. Jino huweza kwenda kasi, lakini kwa miezi michache tu, na mgonjwa hubeba maumivu na gharama za upasuaji.

2. Vifaa vya kutetemesha meno. Jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 halikuona tofauti kati ya waliotumia kifaa na wasiotumia.

3. Mwanga wa leza. Matokeo yake yanapishana. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyorudiwa 2023, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba njia zisizo za upasuaji hufupisha matibabu.

4. Raba za kufungia pesa. Hii ndiyo hatari kubwa. Mtu hufunga raba kwenye meno ya mbele ili kuziba mwanya. Kwa kuwa mzizi wa jino ni mwembamba kuelekea ndani, raba huteleza chini ya fizi bila kuonekana na kula mfupa wote unaolishika. Meno hulegea na kung'oka yakiwa hayana hata tundu. Vivyo hivyo, jihadharini na waya za urembo zinazofungwa saluni.

Kinachofupisha muda kwa hakika
Kwanza, kutokosa miadi. Anayetoka Ukerewe kwa meli akikosa mwezi mmoja, waya uliokwisha nguvu hukaa bure mwezi mzima. Panga nauli mapema.

Pili, kutovunja vifaa. Acha muwa, mahindi ya kuchoma, kashata, na kung'ata mifupa ya samaki. Kila kifaa kinachobanduka huongeza muda.

Tatu, usafi. Fizi zikivimba huenda daktari akalazimika kusimamisha kazi. Kusukutua wakati wa udhu kunasaidia kuondoa mabaki ya chakula, lakini hakutoshi. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi, juu na chini ya waya, baada ya kula na kabla ya kulala. Katika Ramadhani, usilale baada ya daku bila kupiga mswaki.

Nne, maumivu ya siku za mwanzo yatulize kwa panadol. Madaktari wengi huepuka ibuprofeni na diklofenaki, kwani huzuia kemikali mwilini zinazosaidia jino kuhama.

Mwenye tatizo aanzie kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya au ya mkoa ili apewe rufaa kwa bingwa. Mtoto apimwe mapema, akiwa na miaka saba hivi, meno ya utu uzima yanapoanza kuota.

Mzazi, kama harusi ya binti yako ni baada ya miezi mitatu, muozeshe na meno yake kama yalivyo. Waya anaweza kuvaa hata akiwa kwa mumewe. Jino la utu uzima likishang'oka, halioti tena.

Wabillahi tawfiq.