Mmepita Wapi Kabla ya Kuja Hapa?

"Huu si ugonjwa wa hospitali." Maneno haya humtangulia mgonjwa wa akili kila anakopelekwa. Shangazi huyasema barazani, jirani aliyekuja kusaidia kumshika huyarudia, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe huyaamini. Ndiyo maana anapofika kliniki, iwe Tanga, Mombasa au Ujiji, ameshakunywa kombe, ameshaombewa na kupakwa mafuta, au ameshakaa wiki kadhaa kwa mganga. Muuguzi akifungua faili na kuandika dawa bila kuuliza habari za safari hiyo, familia hupokea dawa kwa heshima, huenda nayo nyumbani, na baada ya siku kumi huiacha. Watu husema ni ukaidi. Mimi nasema ile dawa haikupewa nafasi yoyote katika maelezo ambayo familia ilikuwa nayo tayari kuhusu ugonjwa wenyewe.

Maelekezo haya nawaandikia wauguzi, matabibu wa zahanati na washauri nasaha, kwa sababu ndio wanaokutana na mgonjwa kwanza. Anza na swali hili: "Mama, poleni na kuuguza. Kabla ya kuja hapa, mmepita wapi?" Liulize kwa sauti ileile unayoulizia homa au hamu ya kula. Ukisema, "Bila shaka mmeshampeleka kwa waganga," umeshawashtaki, na mshtakiwa hukana. Ukiuliza walikopita, watakueleza, tena kwa kirefu, kwa kuwa wamekuwa wakisubiri mtu wa hospitali awasikilize bila kuwacheka.

Usiliulize mgonjwa akiwa amefadhaika sana. Subiri atulie, na zungumza naye peke yake kwa dakika chache, kwa maana anayoyaamini mgonjwa na anayoyaamini baba yake yanaweza kuwa mambo mawili tofauti. Daktari wa Marekani, Christina Puchalski, alitunga mwaka 1996 mwongozo mfupi wa kumuuliza mgonjwa habari za imani, na kiini chake kinaingia vizuri katika Kiswahili chetu. Unapobanwa, nini kinakushika usianguke? Kina uzito gani kwako sasa, ukiwa unaumwa? Kuna watu unaosali au unaoswali nao, wanajua hali yako? Ungependa sisi hapa tufanye nini kuhusu hilo? Mimi huongeza la tano: je, kuna jambo la dini linalokuumiza kwa sasa? Jibu la hilo mara nyingi ndilo zito kuliko yote. Kuna mama anayeamini Mungu amemlipa kwa mimba aliyoitoa, na kuna kijana aliyeambiwa kwamba haponi kwa sababu imani yake ni ndogo.

Usimkisie mtu dini kwa jina lake. Yupo Hamisi asiyeswali na yupo Yohana aliyesilimu. Wapo pia wasio na dini, na hao waulize wanapata wapi nguvu, kisha uendelee na kazi bila kuwafanya wajione wana kasoro.

Sasa tuje kwenye majini na mapepo, mahali ambapo wengi wetu huharibu. Familia inasema kijana ana jini. Wewe hujaitwa pale kuamua kama majini yapo au hayapo, na ukianza ubishi huo umeshapoteza mgonjwa. Lakini pia usiseme uongo kwamba sindano inafukuza mapepo. Sema unalolijua: "Mzee, nimewasikia. Kijana halali, hali, na anasikia sauti zinazomwamrisha. Hayo nina dawa yake, na nitafuatilia nione kama yanapungua. Dua mnayomsomea endeleeni nayo, mradi hapigwi, hafungwi, hanyimwi chakula, na haachishwi dawa." Hapo mzee haondoki ameshindwa, na wewe hujasema lolote usiloliamini.

Utajuaje kama mtu ni mcha Mungu tu au ni mgonjwa? Anayesema alisikia Mungu akisema naye wakati wa maombi si mgonjwa kwa sababu hiyo pekee. Hata kitabu cha uainishaji cha madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo la mwaka 1994, kiliweka nafasi ya matatizo ya kidini na ya kiroho ambayo si ugonjwa. Waulize wanaosali naye. Wapentekoste wanajua kunena kwa lugha kunavyokuwa, na wanazuoni wanajua dhikri inavyokuwa. Wakikwambia, "Huyu wetu amevuka, hata sisi anatutisha," hiyo ni dalili yenye uzito kuliko vipimo vingi. Tazama pia kama hali ile huanza na kuisha pamoja na ibada, au inamfuata sokoni na kitandani. Tazama kama bado anakula, analala, anaoga na kufanya kazi zake.

Kuna ugonjwa mmoja ambao lugha yetu inao ndani yake. Neno wasiwasi tumelitoa kwa Waarabu, na kwao halikuwa hofu ya kawaida tu. Lilikuwa pia ule mnong'ono unaomrudishia mtu shaka ileile mpaka achoke. Mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na humo akaueleza wasiwasi huo kuwa miongoni mwa maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba. Leo utakutana nao kwa mtu anayetawadha mara kumi na tano mpaka wakati wa swala unapita, au muumini anayeungama dhambi ileile kila siku bila kupata utulivu. Familia humsifu kwa uchaji, kumbe anateseka. Huyu anahitaji tiba ya mazungumzo na pengine dawa, na anahitaji pia shehe au padri. Wanazuoni wengi humwambia mwenye wasiwasi asirudie na aipuuze shaka. Kauli hiyo ikitoka kwa shehe wake, ina nguvu ambayo wewe hutaifikia hata ukiongea mwaka mzima.

Sonona nayo huvaa nguo za dini. Mtu aliyekuwa akipata raha katika sala anasema sasa anasali ukutani, Mungu amemtupa, dhambi yake haisameheki. Usikimbilie kumthibitishia kwamba Mungu anamsamehe. Mwambie kwamba kukata tamaa kwa namna hiyo huja pamoja na ugonjwa, kama kukosa usingizi kunavyokuja, na kwamba wengi hisia hiyo huwatoka wanapopata nafuu. Kisha muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Akikujibu ndiyo, neno la kwanza lisiwe kwamba kujiua ni dhambi. Anajua. Ukilisema, atafunga mdomo, nawe hutajua kama ameshaficha sumu au kamba. Sema, "Asante kwa kuniambia. Nini kimekuzuia mpaka leo?" Mara nyingi atajitajia mwenyewe watoto wake au Mungu wake, na hapo imani inamsaidia kwa kuwa imetoka kinywani mwake.

Jambo ambalo ningependa kila kliniki iliweke ukutani ni hili la mfungo. Mgonjwa anayetumia lithiamu akikaa kutwa bila maji kwenye joto la pwani, dawa inaweza kujikusanya katika damu yake hadi kiwango cha sumu. Mikono hutetemeka sana, anatapika, anaharisha, anapepesuka na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Wanaotumia dawa za kifafa wakiruka dozi wanaweza kupata degedege. Na mgonjwa hakuombi ruhusa, anafunga tu, kisha anaona haya kukueleza. Kwa hiyo usingoje Ramadhani iingie. Mwezi wa Shaabani, kila Mwislamu anayekuja kliniki muulize, "Mwaka huu umepanga kufunga?" Dawa nyingine zinaweza kupangwa zinywewe wakati wa futari na daku, lakini apange daktari, asipange mgonjwa. Kwa lithiamu kipimo cha damu kinahitajika, na wengine watashauriwa wasifunge. Hapo mkumbushe, au umwombe shehe amkumbushe, kwamba Kurani yenyewe imemruhusu mgonjwa kula, akalipa siku nyingine au akatoa fidia. Wapo wanaolia wakisikia hivyo, kwa kuwa kufunga ndiko kulikowafanya wajione bado ni watu kamili. Usilipuuze chozi hilo. Tafuteni pamoja kitu kingine cha kushika katika mwezi ule, kama kuandaa futari ya jirani, kusoma Kurani, au kutoa sadaka.

Kwa Wakristo kuna kufunga na kuomba kwa siku kadhaa, na kuna mkesha, ambao watu hawauhesabu kuwa hatari hata kidogo. Lakini mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka akikosa usingizi usiku mmoja au miwili, anaweza kupanda: anaongea bila kukoma, anagawa mali, anasema ametumwa kuokoa taifa. Watu watasema Roho amemshukia, na wiki inayofuata wanamleta amefungwa kamba. Ongea naye mapema. Aende mkesha, aimbe, kisha saa nne usiku ndugu amrudishe nyumbani akalale. Mchungaji akielezwa sababu, mara nyingi yeye mwenyewe atamwambia, "Nenda kalale, mwanangu, Mungu anasikia hata ukilala."

Jingine, nalo huvunja matibabu siku za mwanzo kabisa: kukakamaa. Haloperidoli na dawa za jamii yake zinaweza, hasa kwa vijana wa kiume, kupinda shingo, kukaza taya na kugeuza macho juu. Aliyewahi kuona pepo likipanda ataapa kwamba ndilo hili. Familia haitarudi hospitali, itakwenda kwenye maombi au kwa mganga, na hali itakapopoa sifa itakwenda huko. Dawa ya kuilegeza misuli ipo, na hufanya kazi kwa haraka. Kwa hiyo siku unapotoa dawa, onyesha kwa mkono wako: "Shingo ikijipinda hivi, au macho yakienda juu hivi, si shetani, ni hii dawa. Mleteni saa hiyohiyo, hata usiku." Onyo hilo huchukua nusu dakika.

Kushirikiana na viongozi wa dini hakuanzi na semina. Kunaanza na ruhusa ya mgonjwa, kwa sababu siri ni yake, na wapo wasiotaka mchungaji ajue lolote. Akikubali, mwendee kiongozi huyo alipo, baada ya swala au ibada, msalimie, na umuulize anaona nini kwa wanaomjia. Msikilize kwanza. Halafu mkubaliane ni nani amlete kwako bila kuchelewa: asiyelala siku kadhaa, asiyekula, anayesema atajiua, anayeanguka kifafa, na mama aliyebadilika baada ya kujifungua. Nawe mwambie ni nani utamwomba amtembelee: mfiwa, mpweke, mwenye kubeba lawama.

Njia hii ina historia katika bara letu. Mwaka 1954, daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, Abeokuta, utaratibu wa wagonjwa kuishi vijijini na ndugu zao huku wakitibiwa, akawashirikisha waganga wa jadi. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Nigeria na Ghana uliohusu wagonjwa 307 wenye saikosisi waliokuwa wakitibiwa kwa waganga na wahubiri. Wale ambao wahudumu wa afya waliwafuata hukohuko, wakashirikiana na waponyaji hao, walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi sita kuliko wale walioachwa na utaratibu wa kawaida.

Lakini kuna mambo hayajadiliwi. Minyororo, viboko, kumfukizia mtu moshi mpaka akose pumzi, kumnyima chakula, kumwambia atupe dawa ili aonyeshe imani: hayo ni madhara, nayo yaripotiwe. Yaliyotokea Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambapo waumini walihimizwa kufunga mpaka kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, yanatosha kutukumbusha kufunga kunaweza kugeuzwa kuwa nini.

Na sisi pia tujiangalie. Shirikisho la Dunia la Madaktari wa Magonjwa ya Akili lilitoa tamko, lililochapishwa mwaka 2016, kwamba imani ya mgonjwa iulizwe kama sehemu ya kawaida ya historia yake, na kwamba mtaalamu asitumie nafasi yake kueneza imani yake. Mgonjwa aliyelazwa hana pa kukimbilia. Kumhubiria hapo ni kumwonea, hata kwa nia njema. Akikuomba wewe mwenyewe muombe pamoja, na moyo wako uko radhi, kaa naye kwa ufupi kwa maneno ya imani yake. Kama dini zenu ni tofauti, keti kimya pembeni yake akiomba, au umwitie mtu wake.

Siku ya kliniki ijayo, ndugu yangu, anza na mgonjwa mmoja tu. Muulize alikopita, andika jibu lake ndani ya faili kwa maneno yake mwenyewe, na chini yake uandike kama anapanga kufunga na kama anakesha.