Kabla ya Kushusha Pikapu Yako Kuukuu

Pikapu iliyoshushwa inapendeza, hilo hatubishi. Kwenye lami ya mjini Isiolo gari lililokaa karibu na ardhi halilali sana kwenye kona, na vijana huligeukia kulitazama. Lakini pikapu hiyo hiyo ikirudi Leparua inakutana na mawe, mitaro na laga, tena mara nyingi ikiwa na mzigo. Somo hili ni la mwenye pikapu ya zamani anayetaka kuishusha, na pia la yule ambaye yake imeshuka yenyewe.

Tuanze na huyu wa pili. Simamisha gari tupu mahali tambarare, hakikisha matairi yana upepo wa kutosha, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne. Ikiwa kushoto na kulia hakulingani, huenda springi imechoka, bamba limevunjika au bushi zimekwisha. Gari la namna hiyo litengenezwe kwanza; habari ya kulishusha ingoje.

Sasa inama utazame chini ya chasi, juu ya ekseli ya nyuma. Utaona mpira mnene unaozuia ekseli isigonge chasi. Nafasi iliyopo kati ya mpira huo na ekseli ndiyo akiba yako. Tuseme ni sentimita 9, nawe unataka kushusha 6. Zinabaki 3. Halafu pakia mitungi 50 ya maji ya lita 20: hiyo ni kilo 1,000, tani nzima, bila kuhesabu uzito wa mitungi yenyewe wala watu walio mbele. Akiba imekwisha kabla hujaondoka kwenye bomba. Kila shimo litakuwa nyundo juu ya chasi, na chasi ya zamani iliyoanza kuliwa na kutu hupasuka mahali ilipochomelewa.

Kosa linalofanyika sana ni kutoa bamba nene la chini kabisa. Bamba hilo halifanyi kazi kubwa gari likiwa tupu, kwa hiyo ukilitoa gari hushuka kidogo tu, lakini nguvu ya kubeba mzigo imepotea. Unapata hasara bila hata kupata urembo! Bamba kuu, lile lenye macho ya kufungia kwenye chasi, lisiguswe kamwe.

Njia nyingine ni kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ya nyuma. Hapa tazama vizuri. Springi ikipita chini ya ekseli, kipande hicho hushusha gari. Ikipita juu ya ekseli, hulipandisha. Kisiwe cha mbao, na visipangwe viwili kimoja juu ya kingine. Faida ya njia hii ni kwamba unaweza kukitoa siku ukiamua kurudia kazi ya mizigo. Fundi akikwambia atachoma springi kwa gesi mpaka ilegee, ondoka na gari lako. Chuma cha springi kikichomwa hupoteza ugumu wake, na hukatika siku usiyoitarajia.

Jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau ni breki. Pikapu nyingi za zamani zina valvu kwenye chasi, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo nyembamba. Mzigo ukishusha chasi, valvu huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ukishusha gari bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu hudhani gari limejaa wakati wote. Ukikanyaga breki kwa ghafla gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hufunga, na kwenye changarawe mkia wa gari huja mbele. Kwa hiyo fundi arekebishe valvu, aangalie kama paipu za breki hazivutwi wala kusuguliwa, kisha apime mwelekeo wa matairi na taa za mbele. Shokabzoba nazo ziwe za urefu unaofaa kimo kipya.

Kazi yenyewe isifanywe gari likiwa limesimama juu ya jeki au mawe peke yake. Tumia stendi imara chini ya chasi, na ufunge mabamba kwa klampu kabla ya kulegeza bolti ya katikati, kwa sababu yamebanwa na yanaweza kuruka. Bolti za umbo la U zikishafunguliwa ziwekwe mpya, kisha zikazwe tena baada ya siku chache za kuendesha.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka sehemu zote za gari ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani. Ijulishe kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo kabla ya kuanza kazi, si baada ya ajali.

Kuna pikapu ambazo usiku hugeuka ambulensi, zikampeleka mama mjamzito hospitalini Isiolo. Kama yako ni mojawapo, pima akiba ya ile mpira tena gari likiwa na watu na godoro nyuma. Ikiwa ekseli inakaribia kugusa, iache katika kimo chake.